Sio kila ndege ya mabawa mawili ni Moth, jamani

Wiki hii nimefungua folda la picha za zamani za ndege za Afrika Mashariki, zile mlizopitia nyie wageni wa kundi letu la kutambua ndege, nikakuta Moth kumi na moja, yaani ile ndege ndogo ya injini moja ya kampuni ya Uingereza ya de Havilland, yenye bawa la juu na la chini. Kumi na moja! Za kweli ni nne, moja ni Avro Avian, moja ina injini mbili kabisa (Moth gani hiyo?), na zilizobaki hata mimi bado nazikodolea macho. Siwalaumu sana maana na mimi nilianzia hukohuko, ila nimechoka kujibu mmoja mmoja inboksi, kwa hiyo someni hapa mkimaliza ndio mniulize.

1. Hesabu kwanza, jina baadaye. Injini ngapi, tairi zimefunikwa au ziko uchi, nguzo kati ya bawa la juu na la chini ni jozi ngapi kila upande, na usihesabu zile fupi za hapo juu ya bodi. Moth ina jozi moja. Ukiona jozi mbili kwenye picha ya Kenya ya zamani tulia kwanza, kunywa maji, maana kule ilikuwepo DH.51, ambayo de Havilland walitengeneza tatu tu duniani, na moja aliileta mlowezi John Carberry miaka ya 1920. Ndiyo hiyo Miss Kenya, namba ya usajili VP-KAA, leo iko Uingereza pale Old Warden kwenye makumbusho ya ndege ya Shuttleworth Collection. Sasa fikiria unakutana nayo kwenye albamu ya babu wa mtu halafu unaandika "Moth" unapita zako. Ningekuwa nakulipa ningekukata mshahara.

2. Usiite picha feki kwa sababu tu imekushangaza. Kuna kijana hapa, simtaji, ameweka alama ya "imetengenezwa na kompyuta" kwenye picha ya ndege yenye mistari ya pundamilia. Mdogo wangu, hiyo ni Sikorsky S-38 ya Martin na Osa Johnson, wale Wamarekani waliozunguka na kamera Afrika Mashariki 1933 na 1934, na walikuwa na nyingine ndogo, S-39, yenye madoa ya twiga. Zote zinatua majini na nchi kavu. Watu wanazitafuta picha hizo kwa tochi wewe unazitupa.

3. Dragon na Dragon Rapide, ndege mbili za de Havilland zinazofanana, zote za injini mbili. Hapa nikae kidogo maana ndipo nilipoaibika.

Miaka ile nilikuwa na kiburi cha miezi sita, mnakijua. Mama mmoja wa Mombasa akanitumia picha kwa WhatsApp, kijana kasimama mbele ya ndege ya injini mbili, nyuma kuna mapipa ya mafuta. Nyumbani kwao kulikuwa na ubishi. Yeye anasema ni baba yake, shangazi mtu anasema hapana, ni kaka mkubwa wa huyo baba, yule aliyeingia KAR, jeshi la wakoloni wa Kiingereza, akapelekwa Burma asirudi, na familia haina picha yake nyingine hata moja. Wote wawili walifanya vibarua uwanja wa ndege Nairobi, kaka kabla ya vita na mdogo baada ya vita. Kwa hiyo kila kitu kilikuwa kinaning'inia kwenye ndege, na mimi nilijibu ndani ya dakika tano. Dakika tano! Niliona giza chini ya injini nikasema ile ni suruali ya Rapide imefunika tairi, na Rapide ndizo East African Airways walianza nazo 1946, ndege sita, basi picha ni ya 1946, kijana ni baba yako mama, hongera. Nikaongeza na emoji ya ndege.

Akaenda kuikuza picha, akaiwekea fremu, jina la baba yake likaandikwa chini kwa rangi ya dhahabu.

Baada ya miaka miwili mjukuu mmoja akaiskani picha yenyewe, yote, bila kukatwa kingo, akanitumia tu nifurahi. Nikavuta karibu nikaishiwa nguvu. Lile giza lilikuwa kivuli cha pipa. Mguu wa tairi ulikuwa wazi kabisa, na mabawa yana upana uleule kama ubao mpaka karibu na ncha, wakati ya Rapide yanachongoka kama jani la mwembe. Ni DH.84 Dragon. Na pembeni, pale WhatsApp ilipokuwa imekatwa, kuna herufi za usajili VP-KB, ya mwisho imezibwa na kichwa cha kijana. Kenya walikuwa wanagawa namba kwa mfuatano, na 1936 rubani Beryl Markham alivuka Atlantiki na ndege ya Vega Gull ambayo tayari ni VP-KCC, kwa hiyo hii ya KB ni ya kabla ya hapo, enzi za Wilson Airways, kampuni ya ndege ya Nairobi ya kabla ya vita. Hata uivute picha mpaka 1939 vita vinaanza, baba yake yule mama, wa 1930 na cheti kipo, alikuwa na miaka tisa. Aliye kwenye picha ana sharubu.

Na mjue kosa lilikuwa mara mbili. Hata ingekuwa Rapide kweli isingethibitisha 1946, maana Wilson Airways nao walikuwa na Rapide kabla ya vita. Na 1946 baba mtu angekuwa na miaka 16, sharubu lile lingetoka wapi? Niliangalia ndege tu, mtu sikumwangalia.

Nilikaa siku tatu sijampigia yule mama. Nilipompigia alinyamaza, kisha akasema, "Mwanangu, si wewe uliyenihakikishia?" Kesho yake akanitumia voisi noti ya shangazi, bibi wa miaka tisini na kitu, aliyekaa miaka miwili mbele ya ile fremu na jina lisilo lake bila kubishana na mtu. Ilikuwa fupi: "Mwambie huyo bwana wa ndege, shati lile nikilifua mimi."

4. Kwa hiyo omba skani ya picha nzima, mbele na nyuma, itumwe kama dokumenti.

5. Negativu hugeuzwa wakati wa kusafisha, kwa hiyo kama mlango wa Rapide uko kulia na mfuko wa shati wa kila mwanamume nao uko kulia, igeuze kabla hujaandika lolote.

6. Filamu nyingi za zamani zinatoa nyekundu kama nyeusi na bluu kama nyeupe, msibishane rangi.

7. VP-K Kenya, VR-T Tanganyika, na baada ya uhuru 5Y na 5H, zikaririni kama namba ya simu ya mama.

8. Picha za Mafia za 1915, wakati wa kuisaka meli ya kivita ya Wajerumani, Königsberg, kule Rufiji: Henri Farman na Caudron zote mbili zina mkia wa vijiti, ila pangaboi likiwa nyuma ni Henri Farman, likiwa mbele ni Caudron.

9. Ndege kubwa ya injini nne imekaa katikati ya maji Kisumu na watu wanashuka kwa mashua wanacheka, hiyo sio "ajali ya ndege ziwani". Nani kaandika hivyo? Hizo ni Short Empire za Imperial Airways, kuanzia 1937 zilikuwa zinapita Kisumu, Mombasa, Dar na Lindi mpaka Durban, na maji ndio uwanja wake. Abiria wenyewe wamevaa tai!

Haya, na aliyeandika Moth kwenye picha ya 14, rudi kahesabu nguzo. Nakusubiri.