Re: Mgonjwa asiyeitika anasikia?
Ndugu, umeuliza kama kipimo cha MRI (mashine ya sumaku inayopiga picha za ndani ya mwili) kinaweza kuonyesha fahamu kwa mgonjwa anayefumbua macho lakini haitiki. Kwa baadhi yao, ndiyo. Mwaka 2006 mtafiti wa ubongo Adrian Owen na wenzake walimpima mwanamke wa miaka 23 aliyeumia kwenye ajali ya gari. Wakamwambia awaze anacheza tenisi. Sehemu ya ubongo inayopanga mwendo ikachangamka kama ya mtu mzima wa afya. Akaambiwa apite kimawazo vyumba vya kwake, zikachangamka sehemu nyingine kabisa. Mwaka 2010 mgonjwa mwingine alijibu maswali kwa njia hiyo: kuwaza tenisi ni ndiyo, kuwaza nyumba ni hapana. Inasisimua mno! Ila mashine haisomi mawazo, hufuatilia oksijeni ya damu ubongoni, na majibu ya kipimo yakitoka matupu hayathibitishi kwamba mgonjwa hasikii.