Soka Jumamosi, Kigaeli Jumapili: maswali ya wazazi na makocha walio Ireland

Begi la mtoto wa miaka 11 nchini Ireland mara nyingi lina jezi mbili, moja ya soka na nyingine ya mpira wa Kigaeli, mchezo wa Ireland wa kudaka, kubeba na kupiga mpira kwa mikono na miguu, ambao hapa tutauita Kigaeli tu. Na huko kwenye kaunti za halingi, mchezo wa Kigaeli wa kupiga kijimpira kwa fimbo, huongezwa fimbo na kofia ngumu. Soka linaendeshwa na FAI, shirikisho la soka la Ireland. Michezo ya Kigaeli inaendeshwa na GAA, chama kilichoanzishwa mjini Thurles mwaka 1884, na wasichana wana vyama vyao vya mpira wa Kigaeli na vya kamogi, yaani halingi ya wanawake. Kila upande hupanga ratiba yake kana kwamba mtoto ni wake peke yake, na karibu kila swali tulilopokea limetoka hapo.

Kijana wangu ana miaka 12. Ana soka Jumanne na Alhamisi, Kigaeli Jumatano na Ijumaa, mechi mbili wikendi, na Jumatatu shule imemweka timu ya halingi. Je, ni nyingi mno? (Baba wa watoto watatu, Dublin)

Baba, hesabu saa kwanza. Vipindi vinne vya saa moja, mechi mbili za saa moja, halingi saa moja na nusu: jumla saa saba na nusu. Kipimo kinachotumiwa na madaktari wengi wa michezo ni kwamba saa za michezo ya kupangwa kwa wiki zisizidi miaka ya mtoto. Wako ana miaka 12, kwa hiyo kwa saa yuko salama.

Ila itazame tena hiyo wiki yako. Hakuna siku hata moja ambayo mwili wake umelala. Hapo ndipo pa kurekebisha. Anahitaji angalau siku moja kamili isiyo na mazoezi wala mechi, na inayofaa zaidi ni Jumatatu, baada ya mechi mbili mfululizo. Omba halingi ya shule ihamie siku nyingine na ichukue nafasi ya kipindi kimojawapo. Wiki yenye mechi mbili, kipindi kimoja cha soka na kimoja cha Kigaeli vinatosha. Mtoto wa umri huu hapotezi ustadi kwa kukosa Ijumaa moja.

La pili ni aina ya kazi. Kocha wa soka akiwakimbiza mbio kali Jumanne, na wa Kigaeli naye akawakimbiza Jumatano, misuli ya nyuma ya paja haipati nafasi ya kupona. Mwambie kocha wa Jumatano kilichofanyika jana. Kocha mwenye busara atampa kudaka na kupasi siku hiyo. Mwisho, usingizi: hadi miaka 12 ni saa 9 hadi 12 kwa usiku, na kuanzia 13 ni saa 8 hadi 10. Mazoezi yanayoisha saa tatu usiku yanakula humo humo.

Makocha wawili wanagombania Jumapili moja. Mmoja amemwambia mtoto asipokuja atakaa benchi mwezi mzima. Nifanyeje? (Mama, Cork)

Mama, hakuna kanuni inayomzuia mtoto kucheza vyote viwili. Zamani ilikuwepo. GAA ilipiga marufuku wanachama wake kucheza soka na michezo mingine iliyoitwa ya kigeni hadi mwaka 1971. Con Martin alishinda ubingwa wa Kigaeli wa mkoa wa Leinster akiwa na timu ya kaunti ya Dublin mwaka 1941, wakamnyima medali kwa sababu ya soka, na aliipata tu baada ya marufuku kufutwa. Kevin Moran aliyekuja baadaye alishinda ubingwa wa Kigaeli wa Ireland nzima akiwa na Dublin mwaka 1976 na 1977, kisha akaenda Manchester United mwaka 1978. Kocha anayemtishia mtoto leo anatumia kanuni iliyokufa zaidi ya miaka 50 iliyopita.

Jambo ambalo tungependa kila mzazi alishike ni hili: mtoto asiwe mjumbe kati ya watu wazima wawili. Mtoto wa miaka 12 akiachiwa amwambie kocha "sitakuja", atadanganya kwamba anaumwa, au atacheza mechi zote mbili akiwa amechoka, na hapo ndipo goti linapokwenda. Mazungumzo ni yako wewe na makocha.

Yafanye mapema, kabla msimu haujaanza. Mwaka una vipindi viwili vya msongamano. Ligi nyingi za watoto za soka zimezoea kuanza mwishoni mwa kiangazi na kumalizika Mei, huku Kigaeli kikianza majira ya kuchipua na kufikia mechi za mtoano kuanzia Agosti. Kwa hiyo Machi hadi Mei, na tena Agosti na Septemba, ndipo ratiba zinapogongana. Baadhi ya ligi za soka tayari zinafuata mwaka wa kalenda, na mpango ambao FAI iliutangaza mwaka 2024 ulitaka wote waelekee huko. Pale kalenda zinapolingana, msongamano utakuwa wa kiangazi kizima, lakini majira ya baridi yatabaki kuwa ya kupumzika, jambo ambalo leo watoto wengi hawana.

Wakubaliane mambo manne, yaandikwe kwenye ujumbe mmoja unaosomwa na wote. Mechi inashinda mazoezi. Mechi ya mtoano inashinda ya ligi. Zikiwa sawa, iliyopangwa kwanza ndiyo inayochezwa. Na hakuna adhabu kwa aliyetoa taarifa kwa wakati. Kinachovuruga mara nyingi ni mvua: mechi ya Jumapili inaahirishwa, inatupwa Jumatano jioni bila kuulizana. Kwa hiyo kila Jumapili usiku tuma ratiba ya wiki kwa makocha wote wawili pamoja, katika kundi moja, wasomane. Mechi mbili kamili siku moja, kataa, hata mtoto akilia. Kwa wadogo wa chini ya miaka 10 wanaocheza timu ndogo na dakika chache, nusu huku na nusu kule si tatizo.

Tumehamia kutoka Goma, mtoto ana miaka 11. Kigaeli alisajiliwa siku chache tu, soka bado wanasubiri karatasi. Kuna ubaguzi? (Shangazi yake, Galway)

Shangazi, pole kwa kusubiri, lakini hapa kinachowachelewesha ni kanuni za FIFA. Mchezaji wa miaka 10 na kuendelea aliyewahi kusajiliwa katika nchi nyingine anahitaji cheti cha uhamisho wa kimataifa, na aliye chini ya miaka 18 lazima ithibitishwe kwamba familia ilihama kwa sababu zisizohusu soka. Kanuni hiyo iliwekwa kuwalinda watoto wasisafirishwe na mawakala. Hata mtoto ambaye hajawahi kusajiliwa popote, akiwa si raia, maombi yake hupitia uchunguzi wa aina hiyo. Kwa familia zilizokuja kwa ulinzi wa kimataifa upo mlango wake, uliza klabu waziwazi.

Andaa pasipoti na cheti cha kuzaliwa cha mtoto, hati za mlezi, uthibitisho wa makazi, karatasi za kazi au za ukimbizi, barua fupi inayoeleza kwa nini mlihama, na hati ya ulezi, kwa kuwa wewe ni shangazi na si mzazi. Maombi hukwama kwa mambo madogo: jina la tatu lipo kwenye cheti lakini halipo kwenye pasipoti, hati ya Kifaransa haina tafsiri, au mlezi anaandika "hakuwahi kusajiliwa" wakati mtoto alikuwa na kadi ya akademi nyumbani. Tofauti ya majina ieleze mwenyewe kwa barua kabla hujaulizwa. Wakati mnasubiri, uliza kama bima ya klabu inamruhusu kufanya mazoezi. Mechi za ligi asicheze hata kidogo.

Upande wa GAA, mlezi hujaza fomu katika mfumo wa mtandaoni unaoitwa Foireann, na basi. Ila angalia: klabu ya kwanza ndiyo inayohesabika kuwa yako, kwa kawaida ya mtaa unaoishi, na kuhama baadaye kunahitaji maombi kwa kaunti. Msichague kwa haraka kwa sababu tu ya rafiki wa darasani.

Ana miaka 13, anarefuka kila nikimwangalia, na chini ya goti pana kinundu kinachouma akipiga mpira. (Mama, Waterford)

Maelezo yako yanafanana na Osgood-Schlatter, tatizo la goti la watoto wanaorefuka. Mifupa ya mguu hurefuka haraka kuliko misuli ya paja, na kano ya goti huvuta pale inapojishika juu ya mfupa wa muundi, kwenye gegedu ambalo bado linakua. Kila mkwaju na kila mruko ni mvuto mwingine. Sasa fikiria mtoto wa michezo miwili: Kigaeli kimejaa mikwaju mirefu kutoka mkononi na kuruka kudaka hewani, soka lina mashuti na kona, na kila kocha anahesabu mikwaju yake tu. Mguu ni ule ule.

Si lazima aache vyote. Mwambie apime maumivu kutoka 0 hadi 10. Yakiwa 3 au chini, na asubuhi yake yametulia, aendelee. Yakizidi hapo, apumzike siku hiyo. Kwa wiki mbili hadi nne punguzeni mikwaju na miruko kwa nusu, pande zote mbili, wala asipige mipira ya adhabu. Nyumbani aegemee ukuta magoti yamekunjwa kidogo tu, ashikilie sekunde 30 hadi 45, mara tano, kila siku. Barafu iliyofungwa kitambaani, dakika 10 hadi 15 baada ya mchezo. Kila baada ya miezi mitatu pima kimo chake mlangoni, na miezi ile anayopanda kwa kasi ndiyo ya kupunguza mzigo kabla hajalalamika. Maumivu ya kisigino katika umri huu nayo huwa na chanzo cha namna hiyo.

Mpeleke kwa daktari bila kungoja ikiwa goti limevimba ghafla, maumivu yanamwamsha usiku, ana homa, au hawezi kukanyaga. Na akichechemea huku akilalamika kinena au nyonga, nenda siku hiyo hiyo. Kati ya miaka 10 na 16 kichwa cha mfupa wa paja kinaweza kuteleza, tena wakati mwingine maumivu yake huonekana gotini.

Nafundisha soka la chini ya miaka 13. Wanaotoka Kigaeli wananawa mpira na kusahau kuotea. (Kocha wa kujitolea, Limerick)

Kocha, mikono yao inafanya ilichofundishwa jana. Katika Kigaeli mtoto hubeba mpira hatua nne, kisha lazima audundishe au aupige kwa mguu urudi mikononi, na hadundishi mara mbili mfululizo. Kuotea hakupo. Bega kwa bega ni halali, kuteleza miguuni ni kosa. Anayetazamia kudaka kila mpira atakuwa na mguso wa kwanza mzito, na hilo ndilo pengo lako kubwa kuliko kunawa. Mpe ukuta: pasi 50 kila mguu, miguso miwili, mikono ikishika ncha za jezi. Dakika kumi kabla ya kila zoezi, na wiki chache baadaye utaona tofauti.

Lakini tumia wanachokuja nacho. Wanasoma mpira wa juu vizuri kuliko wengine, wanapiga mbali, na kipa uliyekuwa unamtafuta huenda yumo humo. Kwa wanaotoka soka kwenda Kigaeli, shida ni kuokota: wavulana hawaruhusiwi kuuinua mpira moja kwa moja kutoka chini kwa mikono, lazima mguu uutangulie. Wasichana wanaruhusiwa.

Binti yangu ana miaka 14. Akademi ya soka inamtaka aache Kigaeli. Akikataa, amepoteza bahati? (Baba, Kildare)

Hapana, Baba. Niamh Fahey alishinda ubingwa wa Ireland nzima wa mpira wa Kigaeli akiwa na timu ya Galway mwaka 2004, akaja kuichezea timu ya taifa ya soka zaidi ya mechi 100 na kuwamo kikosini Kombe la Dunia 2023. Séamus Coleman alilelewa na Kigaeli katika mji wa Killybegs kabla ya klabu za soka za Sligo Rovers na Everton.

Haraka nayo imepungua. Tangu Januari 2021, baada ya Uingereza kutoka Umoja wa Ulaya, klabu za huko haziwezi kumsajili mchezaji kutoka Ireland kabla hajatimiza miaka 18. Kwa hiyo ana miaka minne ya kukua nyumbani. Waulize akademi: siku ngapi kwa wiki, safari ni dakika ngapi, wanamwachia mechi gani za Kigaeli, nani anamtibu akiumia, na wangapi wa mwaka wa juzi bado wapo. Majibu yakiwa ya kukwepa, ngojeni hadi 15 au 16. Akikubali, aondoke klabu ya Kigaeli kwa kuaga vizuri, maana akademi huacha wengi wakifika 17.

Na kwa umri wake, goti ni la kulinda. Wasichana hukatika kano ya mbele ya goti mara nyingi zaidi kuliko wavulana. GAA wana zoezi la kupasha misuli liitwalo GAA 15, na soka lina FIFA 11+. Yote mawili yamejaa kutua goti likiwa limekunjwa kidogo na kuelekea usawa wa vidole, kusimama mguu mmoja na kugeuka kwa udhibiti. Uliza kama linafanywa kila kipindi. Likifanywa mara moja kwa mwezi halina kazi.

Jozi moja ya viatu inatosha? (Mama, Dublin)

Kwa nyasi za kawaida inatosha, yenye meno ya plastiki yasiyofunguliwa. Kwa nyasi bandia tafuta yenye meno mafupi, visigino vitakushukuru. Kilinda meno ni lazima katika mpira wa Kigaeli, mazoezini pia, na bila hicho madai ya bima hukataliwa. Mwenye waya za meno atengenezewe na daktari wa meno. Soka linadai vilinda ugoko. Kofia ngumu ya halingi ni lazima kwa umri wote tangu 2010. Usinunue iliyokwisha kupasuka au kukatwa waya za uso.

Aligongwa kichwa kwenye Kigaeli Jumamosi, anasema yuko sawa, na kesho ana soka. (Baba, Meath)

Hachezi. Mtikisiko wa ubongo ukishukiwa, mtoto anatoka uwanjani na harudi siku hiyo, na daktari amwone. Siku moja au mbili za mwanzo ni za utulivu, skrini kidogo. Darasani anarudi kabla ya uwanjani, kisha hatua kwa hatua, na kugongana miili ni mwisho kabisa, kwa ruhusa ya daktari. Kosa tunaloliona tena na tena ni kwamba kocha wa mchezo wa pili hakuwahi kuambiwa. Leo usiku, kabla hujalala, waandikie makocha wote wawili na mwalimu wake wa michezo shuleni.