Kabla ya Kubadilisha Boksi la Fyuzi, Pima Nyaya

Fyuzi zikianza kukatika kila mara katika nyumba ya zamani, ushauri unaokuja haraka ni kununua boksi jipya lenye breka, yaani swichi zinazojikata zenyewe umeme ukizidi. Nasi tuliambiwa hivyo. Nashukuru fundi umeme tuliyemwita alikataa kugusa boksi kabla ya kupima nyaya. Alizima meni swichi, akahakikisha kwa tesita kwamba umeme haupo, kisha akafungua soketi ya sebuleni na kukunja waya kidogo. Ganda lake la mpira lilipukutika mkononi. Mpira ndio uliotumika kabla ya plastiki ya PVC kuenea, nao hukauka kwa joto na kwa umri. Waya wa namna hiyo ukitulia ukutani unaweza kukaa miaka bila kusumbua; ukivutwa ili uunganishwe kwenye boksi jipya, unapasuka.

Wengi huamini fyuzi inalinda friji au televisheni. Kazi yake hasa ni kuulinda waya usipate moto kupita kiasi, na breka ni vivyo hivyo. Kwa kawaida taa hutumia waya wa milimita za mraba 1.5, soketi 2.5, na jiko la umeme 6 au zaidi; ukubwa wa breka hufuata waya uliopo. Birika la wati 3,000 kwenye umeme wa volti 230 huvuta ampea 13 peke yake. Ongeza pasi kwenye laini hiyohiyo, na utaelewa kwa nini fyuzi inakatika. Ndiyo maana naogopa sana ninapoona mtu amefunga kipande cha waya mnene mahali pa fyuzi ili "isikatike tena". Kweli haitakatika. Kitakachoungua ni waya ulio ndani ya ukuta au juu ya dari, mahali usipopaona. Ukikuta hivyo kwenu, zima umeme na mwite fundi siku hiyohiyo.

Kagua pia waya wa arthi, yaani ule unaopeleka ardhini umeme uliovuja. Nyumba nyingi za zamani zina nyaya mbili tu kwenye soketi, na kubandika soketi ya matundu matatu hakuleti arthi isiyokuwepo.

Kama fedha hazitoshi kufanya yote kwa pamoja, mimi ningeanza na arthi pamoja na kifaa kinachokata umeme unapovuja, cha miliampea 30. Breka ya ampea 20 haiwezi kumwokoa mtoto aliyeshika waya, kwa sababu umeme unaoua ni mdogo sana kuliko huo. Kifaa hiki hulinganisha umeme unaokwenda na unaorudi, kikiona tofauti kinakata mara moja. Kina kitufe cha kujaribia. Kibonyeze mara kwa mara. Baadaye badilisha nyaya chumba kwa chumba, ukianzia jikoni, na kila kifaa kikubwa kipewe laini yake.

Mwambie fundi aandike jina la kila breka, na akukabidhi vipimo vya mwisho kwa maandishi. Na kabla kuta hazijapigwa plasta, zipige picha zote, futikamba ikionekana. Tulipotaka kutundika kabati la jikoni, picha hizo ndizo zilizotuonyesha pa kutoboa.