Jibu: Usitume hiyo hela ya kianzio kabla hujaliona jina la mtaalamu huyo kwenye rejista ya baraza linalosajili wataalamu wa afya

Mleta mada, usilipe. Nimesoma uzi wako wote: mtoto ana miaka mitatu, haongei, umepata "mtaalamu wa tiba ya usemi" mwenye kifurushi cha miezi sita, ukilipa mapema unapunguziwa. Umeuliza mambo mengi humo, ya vifaa vya kusikia, ya lugha mbili nyumbani na mengine, lakini mimi nimekwama pale uliposema "ana leseni, nimeiona ukutani".

Leseni ipi?

Maana hata mimi niliiona, kwenye kliniki niliyompeleka mwanangu. Ina muhuri, ina nembo ya serikali, imewekwa kwenye fremu ya kioo. Ilikuwa leseni ya biashara. Karatasi ile inaruhusu jengo lile kupokea hela, basi. Haisemi lolote kuhusu aliyekaa ndani kama anajua kumpima mtoto. Pembeni palikuwa na cheti cha semina na kadi ya uanachama wa chama cha taaluma iliyokwisha muda wake. Sikusoma tarehe. Nani anasoma tarehe akiwa na mtoto anayelia mgongoni?

Meneja wa pale, Mungu amsamehe kwa sababu mimi bado, nilimuuliza kuhusu baraza akanijibu kwa upole: "Baraza ni la madaktari tu, hawa wetu wako moja kwa moja chini ya wizara." Uongo mtupu, tena wa kukariri. Nikatikisa kichwa kama msomi.

Kikaanza kipindi. Kioo kidogo, kijiko juu ya ulimi, kupuliza filimbi, kupuliza mapovu. Mwanangu leo hakuna mshumaa unaomshinda. Neno hata moja halikutoka. Nilipouliza kama asipimwe masikio kwanza, mtaalamu yule alisimama nyuma ya mtoto akapiga kofi moja kubwa. Mtoto akageuka. "Umeona? Anasikia."

Soma hapa taratibu, kwa sababu ndipo nilipopoteza kitu ambacho hakirudishwi kwa risiti. Kofi ni sauti kubwa yenye mawimbi mazito na membamba kwa pamoja. Mtoto asiyesikia sauti nyembamba atageuka vizuri tu, huku s, f na th zinampita kila siku. Anasikia kwamba unaongea, hasikii unasema nini. Na lugha haisubiri: wanaopima masikio ya watoto wachanga wana kanuni ya mwezi 1 kuchunguzwa, miezi 3 tatizo liwe limethibitishwa, miezi 6 huduma iwe imeanza. Sisi tulikuwa tunapuliza mapovu.

Mtaalamu aliyesajiliwa tuliyempata baadaye alikataa kabisa kuanza tiba bila kipimo cha usikivu kwenye chumba kisichopitisha kelele. Hakuwa na kifurushi wala punguzo. Masikio yote mawili yalikuwa na upungufu kwenye sauti nyembamba.

Nikaenda kushtaki. Chama kikasema si mwanachama wao tena, na adhabu yao kubwa ni kumfuta uanachama, ambao hana. Baraza likasema halina jina lake, kwa hiyo halina leseni ya kumnyang'anya, niende polisi. Umeelewa mchezo? Aliyesajiliwa akikosea ana kamati ya nidhamu, ana leseni ya kupoteza. Asiyesajiliwa hana hata faili.

Kwa hiyo chukua jina lake kamili na namba ya usajili, fungua tovuti ya baraza WEWE MWENYEWE, mtafute. Siyo jina la kliniki. Siyo picha aliyokutumia. Ukimpata, tazama hadhi: usajili wake uko hai, amesimamishwa, ana masharti, au ni msaidizi anayetakiwa kufanya kazi chini ya mwingine? Tazama na fani, maana usemi na usikivu mara nyingi ni usajili tofauti.

Na usitishwe na jina la kazi. Uingereza, "speech and language therapist" (mtaalamu wa tiba ya usemi na lugha) ni jina linalolindwa na sheria, na wauzaji wa vifaa vya kusikia nao wako kwenye rejista ya HCPC, baraza la kule la taaluma za afya, tangu 2010. Lakini "audiologist" (mtaalamu wa usikivu) peke yake halilindwi. Afrika Kusini fani zote mbili zina bodi yake ndani ya HPCSA, baraza lao la taaluma za afya. Marekani kila jimbo lina leseni yake, Florida ikiwa ya kwanza mwaka 1969, na cheti cha ASHA, chama chao cha taaluma hizo, hakichukui nafasi ya leseni hiyo. Australia ndiyo inavuruga hesabu yangu: wataalamu wa usemi hawamo kwenye usajili wa kitaifa wa serikali, vyama vyao ndivyo vinavyowasimamia. Kama nchi yenu iko hivyo, tafuta jina lake kwa chama chenyewe, na uulize malalamiko yanapelekwa wapi.

Wale mnaomwambia "mpe nafasi, ana shuhuda nyingi mtandaoni", hata yule mtaalamu wangu wa mapovu alikuwa nazo. Moja niliandika mimi, wiki ya kwanza.

Haya, vifaa vya kusikia. Hivyo vya kuagiza bila kupimwa achana navyo. Marekani ilipoviruhusu 2022 ilisema ni kwa wenye miaka 18 kwenda juu, wenye upungufu mdogo hadi wa kati. Wako ana mitatu. Lugha mbili hazimcheleweshi, endeleeni. Mengine uliyouliza nimesahau na sirudi juu kusoma.

Mwombe namba ya usajili leo, kwa maandishi. Akianza kukuambia punguzo linaisha Ijumaa, rudi hapa utuambie.