Watoto wawili wa mbwa kwenye ua wenye mbwa wakubwa: tenganisha kwanza, kufundisha kutafuata

Mkuu, nimeusoma uzi wako wote. Una jike wa miaka saba na dume wa miaka minne, umeleta watoto wawili wa uzao mmoja wenye miezi miwili na nusu, na sasa ndala zinaliwa, sebule inanuka mkojo, watoto wananing'inia kwenye mkia wa jike, na juzi jike kamng'ata mmoja shingoni. Unauliza uwachape, umfunge jike mnyororo, au umrudishe mtoto mmoja alikotoka. Kwa hali uliyoeleza, sioni haja ya lolote kati ya hayo matatu. Ninachokiona ni mbwa wanne walioachwa pamoja usiku na mchana, na kwa miaka niliyofuga mbwa kwa wingi kwenye ua mmoja, fujo nyingi huanzia hapo.

Tuanze na kidonda, maana hicho hakisubiri. Tenga manyoya kwa vidole utazame ngozi. Kama kuna mate tu na wekundu, jike alikuwa anamkanya. Kama kuna tundu la jino, hata dogo kama la sindano, osha kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, nusu lita kwa kijiko kimoja cha chai cha chumvi, kisha mpeleke kwa daktari wa mifugo. Tundu la jino hufunga juu upesi na usaha ukabaki chini, na baada ya siku mbili tatu unakuta shingo imevimba. Usimpe panadol, ibuprofeni wala diklofenaki ya nyumbani. Dawa hizo huua mbwa, na mtoto wa kilo tatu hahitaji nyingi.

Sasa jike mwenyewe. Mbwa mkubwa ana ngazi zake za kuonya: kwanza anageuza kichwa, halafu mwili unakakamaa na weupe wa jicho unaonekana pembeni, halafu mdomo unapanda, ananguruma, anang'ata hewa, na mwisho kabisa anagusa. Mtoto akishaguswa hupiga kelele kubwa kuliko maumivu yenyewe, anarudi nyuma, na jike anaacha. Hilo ni somo halali, na wewe huwezi kulifundisha vizuri kama yeye. Ukimpiga au kumfokea anaponguruma, hutaondoa hasira yake, utaondoa onyo tu. Siku nyingine ataruka ngazi zote na kung'ata bila sauti, kisha utasema amebadilika ghafla.

Kuna dalili ambazo si somo tena: anamfuata mtoto aliyekwisha kulala chali au kukimbia, anamshika na kumtikisa, anamkodolea macho kutoka mbali hata mtoto asipomsogelea, au anatoboa ngozi zaidi ya mara moja. Ukiona mojawapo, wasikae pamoja hata dakika moja bila wewe kuwapo, na jike naye apimwe. Mbwa wa umri huo anaweza kuwa na jino bovu au nyonga inayouma, na mtoto anayemrukia mgongoni anamtonesha kila siku.

Halafu kuna suala la umri. Wakubwa wengi humvumilia sana mtoto hadi miezi minne au mitano hivi, baada ya hapo msamaha unakwisha. Wako wamebakiza muda mfupi. Miezi miwili ijayo ndiyo ya kujenga utaratibu.

Utaratibu huanza na kizizi. Tengeneza uzio mdogo wa paleti au wavu mzito wa chuma, kama mita 2 kwa 2, kimo cha sentimeta 80. Usitumie waya wa kuku, wanautoboa na ncha zinachoma mdomo. Weka upande wenye kivuli, ndani kuwe na tambara la kulalia upande mmoja na maji upande mwingine, kwenye bakuli zito lisilopinduka. Humo watoto watalala na kukaa kila wakati ambao huwatazami. Mlango wa sebuleni weka kipande cha plaiwudi cha kimo ambacho jike anaruka na watoto hawawezi. Mpe pia mahali pa juu, benchi pana au ukuta mfupi, ambapo hakuna mtoto anayefika. Mbwa mwenye pa kukimbilia hana sababu ya kung'ata.

Watoto wa miezi miwili hulala saa 18 hadi 20 kwa siku. Kwenye nyumba yenye mbwa wengine hawapati huo usingizi, kwa sababu kila mkubwa anapoinuka kwenda getini nao wanainuka. Ule mbio mbio unaoueleza wa saa 12 jioni, wakizunguka nyumba, wakirarua nguo kwenye kamba na kung'ata miguu ya watu, mara nyingi ni uchovu. Ukiwaongezea mchezo ili wachoke zaidi, unazidisha. Warudishe kizizini, funika upande mmoja kwa kanga, na kwa kawaida ndani ya dakika kumi wamelala. Mzunguko unaofaa ni huu: anaamka, anakojoa, anakula au anacheza kama dakika 20, anakojoa tena, analala saa moja na nusu au mbili.

Mkojo unatatuliwa na mzunguko huo huo. Kibofu cha mtoto wa umri huu kinahimili takriban saa mbili akiwa macho. Mtoe nje mara tu anapoamka, dakika tano hadi ishirini baada ya kula, na kila mchezo unapokatika. Mpeleke sehemu ile ile, nyamaza, subiri, na akimaliza mpe kipande cha chakula palepale, si mkishafika mlangoni. Watoe mmoja mmoja. Wakitoka wawili mmoja anamshika mwenzake mkia, wanasahau kilichowatoa, wanarudi ndani na kukojoa kwenye zulia.

Sakafu isafishwe kwa sabuni na maji kwanza, halafu siki na maji nusu kwa nusu ili harufu iondoke, maana pua yake inamrudisha pale pale. Jik usiimimine juu ya mkojo wala kuichanganya na siki, inatoa hewa inayochoma mapafu. Kazi yake ni nyingine: parvo, ugonjwa wa kutapika na kuhara unaoua watoto wa mbwa. Kirusi cha parvo hukaa kwenye udongo miezi mingi, na viatu vya mgeni vinatosha kukiingiza ndani ya geti. Ondoa kinyesi, osha sakafu kwa sabuni, kisha pitisha Jik sehemu moja kwa maji sehemu ishirini na iache dakika kumi kabla ya kusuuza. Juu ya kinyesi au matope haifanyi kazi.

Hukutaja chanjo. Ya parvo na homa ya mbwa huanza wiki ya 6 hadi 8, hurudiwa kila wiki tatu au nne hadi mtoto afikishe wiki 16. Sindano moja haitoshi, kwa sababu kinga aliyopata kwa mama inaweza kuizima. Kichaa cha mbwa ni miezi mitatu, na wakubwa nao wasipitwe. Kila mwaka tarehe 28 Septemba ni siku ya kichaa cha mbwa duniani na sehemu nyingi huchanja karibu na siku hiyo, lakini kwa watoto wako usingoje kampeni. Mtoto wa mbwa akimtoboa mtu ngozi, hata kwa mchezo, oshea jeraha maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Minyoo: kila wiki mbili hadi afikishe miezi mitatu, kisha kila mwezi hadi miezi sita, na dozi ifuate uzito. Wape na wakubwa siku hiyo hiyo, la sivyo wanaambukizana upya.

Kupe nao. Dawa ya kuogeshea ng'ombe yenye amitrazi usiwaguse nayo chini ya miezi minne. Vidonge vya kutafuna vingi vinaanzia wiki 8, soma umri na uzito kwenye pakiti. Na kwa kuwa uko Kibaha kwenye mchanga, kagua matumbo yao kila jioni: kuna nzi anayetaga kwenye mchanga wenye mkojo au tambara bichi, na funza wake huingia ngozini. Utaona uvimbe kama jipu wenye kitundu katikati. Paka mafuta ya mgando kitundu kizibe, subiri funza ajitokeze kutafuta hewa, kisha kamua taratibu kutoka pembeni. Akipasukia ndani, kidonda kinaoza. Anika tambara lao juani na libadilishe kila siku.

Chakula ndiko ugomvi mkubwa huzaliwa, na umeandika kwamba wote wanne wanakula kwenye sinia moja. Acha leo. Bakuli nne: wakubwa kila mmoja upande wake wa nyumba, watoto umbali wa mita mbili, migongo ikitazamana, na wewe katikati. Baada ya dakika 15 bakuli zote zinaondolewa, hata kama kuna mabaki, hasa kama kuna mabaki. Watoto wale mara nne hadi miezi mitatu, mara tatu hadi miezi sita, baada ya hapo mara mbili. Ugali na mchuzi mtupu hauwajengi. Dagaa waliooshwa mchanga na chumvi, mayai yaliyochemshwa, pafu au utumbo uliopikwa vizuri viwe sehemu kubwa ya bakuli, si kionjo. Mifupa ya kuku iliyopikwa iwe mbali, inavunjika vipande vyenye ncha.

Wengine watakuambia umzoeshe mtoto kwa kumnyang'anya bakuli. Hapo unamfundisha kwamba mkono wako ni wa kuibia, na ataanza kumeza haraka na kunguruma. Pita karibu, dondosha kipande kitamu kuliko anachokula, endelea na safari yako. Baada ya siku chache anakuinulia kichwa kwa furaha unapokaribia.

Kuhusu kutafuna: meno 28 ya utoto huanza kung'oka kwenye miezi minne, na yale 42 ya ukubwani hukamilika miezi sita au saba. Kwa hiyo ndala zako bado zina miezi kadhaa ya hatari. Usimpe ndala kuukuu awe anachezea, hawezi kutofautisha kuukuu na mpya. Loweka kitambaa kizito, kisokote, kigandishe kwenye friza, mpe dakika kumi ukimwangalia. Karoti nzima iliyoganda ni nzuri pia. Kipimo cha kitu cha kutafuna ni ukucha wa dole gumba: kisipobonyea hata kidogo, kinaweza kuvunja jino.

Kitu kimoja nakusihi usikidharau: gunzi la hindi. Mtoto wa mbwa hulikata vipande na kuvimeza, haviyeyuki, na kimoja kikikwama utumbo unaziba. Kokwa ya embe ni vile vile. Dalili ni kutapika kila anachokunywa, tumbo gumu, hakuna choo. Hapo ni daktari mara moja, pengine na upasuaji, na mafuta ya kula kumlainishia hayasaidii. Msimu wa mahindi, magunzi yaingie kwenye ndoo yenye mfuniko kabla watu hawajainuka mkekani.

Akikung'ata mchezoni, usivute mkono kwa nguvu, unamwamsha akimbize. Nyamaza, simama, ondoka nyuma ya kile kipande cha plaiwudi kwa nusu dakika, rudi. Nyumba nzima ifanye hivyo hivyo. Mtoto mmoja wa nyumbani akicheka na kukimbia, kazi inaanza upya.

Wakicheza wenyewe kwa wenyewe, utajua kama ni mchezo kwa kumshika yule anayeonea. Mwenzake akimrudia, waache. Akienda kujificha, mchezo umekwisha. Wakubwa wakianza kupigana kweli, usitie mkono vichwani: ndoo ya maji, au ubao katikati yao.

Hawa wawili wa uzao mmoja wanahitaji kutenganishwa kila siku. Kila mmoja apate dakika tano za peke yake, mara tatu, kuitwa jina, kukaa, kutembea kwa kamba, mwenzake akiwa haoni. Walale kwenye vizizi viwili vinavyopakana, kisha visogezwe mbali kidogo kidogo. Usipofanya hivyo watasikilizana wao tu. Mmoja akikosekana mwingine analia usiku kucha, na wakikua, hasa wakiwa jinsia moja, wanaweza kugombana vibaya.

Kuku wawe nyuma ya wavu. Kila mtoto anapofanikiwa kumkimbiza kuku anajilipa mwenyewe, na hakuna adhabu yako inayofikia utamu ule. Mpitishe na kamba, akiacha kumtazama kuku akakutazama wewe, mpe chakula.

Umesema watoto hawa ni dume na jike. Huyo jike mdogo anaweza kuingia joto kuanzia miezi sita, na undugu hauwazuii, wala tofauti ya umri na dume wako mkubwa. Zungumza na daktari kuhusu kuwahasi kabla ya hapo. Ukiamua kusubiri, tayarisha chumba chenye mlango unaofungwa kwa komeo na umweke humo wiki tatu nzima, maana uzio wa kizizi dume huupanda.