Kwa wanaoanza kusoma historia ya Katiba ya Marekani: fuateni neno moja

Anayeingia kwenye somo hili akiwa na Kiswahili chake hujikwaa kwanza kwenye jina, kama nilivyojikwaa mimi. Kwetu mtu wa majimbo ni yule anayetaka mamlaka yatoke makao makuu yaende mikoani, na hivyo ndivyo chama cha KADU kilivyoeleweka Kenya wakati wa uhuru mwaka 1963. Niliposoma kwamba mwaka 1787, katiba ilipoandikwa, palikuwa na kundi lililojiita Wafederali, yaani watu wa shirikisho, nikadhani ni ndugu zao KADU, na insha yangu ikaenda kombo tangu aya ya kwanza. Wafederali ndio waliotaka serikali kuu yenye nguvu. Akina Patrick Henry na George Mason wa Virginia, waliohofia kwamba serikali hiyo ingeyameza majimbo, walibandikwa jina la wapinga shirikisho, jina ambalo baadhi ya wenzao walilikataa.

Msianzie kwenye falsafa, anzieni kwenye hazina. Chini ya mkataba wa shirikisho ulioyaunganisha majimbo kabla ya katiba, ulioanza kutumika mwaka 1781, Kongresi, yaani bunge la pamoja, haikuweza kutoza kodi. Iliyaomba majimbo fedha, nayo yalitoa yalipojisikia. Kuubadili mkataba kulihitaji ridhaa ya majimbo yote 13, kwa hiyo Rhode Island ilipokataa mwaka 1782 ushuru wa asilimia 5 kwa bidhaa za kutoka nje, mpango ukakwama. Asiyeifahamu hazina hiyo tupu atamwona Alexander Hamilton, kiongozi wa Wafederali, kuwa mpenda madaraka tu.

Makala 85 za kuitetea katiba mpya alizoandika Hamilton pamoja na James Madison na John Jay zisomeni kama hoja za wakili anayetaka kushinda kesi, kwa maana ziliandikwa ili kuwashawishi watu wa New York, na huko katiba ilipita kwa kura 30 dhidi ya 27.

Jambo lililonifaa kuliko yote, hata hivyo, ni kufuata neno moja. Kifungu cha pili cha mkataba wa zamani kilisema kwamba kila jimbo linabaki na kila mamlaka ambayo hayakukabidhiwa Kongresi “bayana”. Wekeni kando yake rekebisho la 10 la katiba, lililoidhinishwa mwaka 1791: linasema karibu jambo lile lile, ila “bayana” haimo. Haikusahauliwa. Mwaka 1789 mbunge Thomas Tudor Tucker wa South Carolina aliomba irudishwe, na Madison akapinga akieleza kwamba haiwezekani kuifunga serikali kwenye mamlaka yaliyotajwa peke yake, kwani mengine lazima yaeleweke kutokana na hayo. Hoja ya Tucker ikaanguka.

Hapo ndipo wanafunzi wengi humweka Madison kwenye kapu moja na Hamilton na kumwacha humo, na hapo ndipo mtahini huwakamata. Mapema mwaka 1791, Hamilton, sasa akiwa waziri wa fedha, alipotaka Kongresi ianzishe benki ya taifa, Madison yule yule alisimama kuipinga akisema katiba haikutoa mamlaka hayo, na Thomas Jefferson, waziri wa mambo ya nje, akamwandikia Rais George Washington maoni ya namna hiyo hiyo. Washington alisoma na majibu ya Hamilton, kisha akatia saini. Mwaka 1816 Madison, sasa akiwa rais, aliidhinisha benki ya pili. Kwa hiyo kila mnapolitaja jina lake kwenye insha, andikeni na mwaka.

Benki hiyo ya pili ndiyo iliyofikisha neno letu mahakamani. Jimbo la Maryland liliitoza kodi, na mwaka 1819, katika kesi ya McCulloch dhidi ya Maryland, Jaji Mkuu John Marshall aliuweka mkataba wa zamani kando ya rekebisho la 10, akaonyesha neno lililoachwa, na Maryland ikashindwa.