Mwimbaji mgeni wa bendi, hesabu anaponyamaza Celia Cruz

Nilipoingia bendi ya dansi nilikuwa na sauti kali na haraka nyingi. Gitaa la solo likianza kuongea, mimi naimba juu yake. Mpiga tumba akibadilisha mdundo, sina habari. Wiki ya tatu kiongozi wetu alinipa kanda ya Celia Cruz, mwimbaji wa kike wa Cuba, akanituma nihesabu ni mara ngapi ananyamaza. Kazi hiyo ndiyo iliyonifundisha kuimba, na ninyi wadogo zangu mnaoanza leo nawapa ile ile.

Celia alizaliwa Havana, Cuba, mwaka 1925. Baba yake alitaka awe mwalimu, naye akausomea ualimu, lakini muziki ukamchukua. Shindano moja la redio aliloshinda akiwa binti, zawadi yake ilikuwa keki. Aliishi Marekani zaidi ya miaka 40 hadi alipofariki mwaka 2003, na muda wote huo lugha ya muziki wake ilibaki Kihispania.

Mwaka 1950 bendi ya La Sonora Matancera ilimchukua ashike nafasi ya Myrta Silva, mwimbaji wa Puerto Rico aliyependwa sana. Wasikilizaji wakalalamika, wakitaka sauti waliyoizoea. Bosi wa kampuni ya santuri naye akaona rumba iliyoimbwa na mwanamke haitauzika. Kiongozi wa bendi, Rogelio Martínez, hakumwacha. Santuri zikatoka, zikauzika, na Celia akadumu na bendi hiyo miaka 15. Nasisitiza hapa kwa sababu wengi wenu mnaingia kuziba pengo la mtu. Mimi nilijaribu kumwiga niliyemrithi, hata kikohozi chake cha kabla ya kiitikio, na nikapoteza karibu mwaka mzima. Watakulinganisha tu. Imba kwa koo lako, ila mtafute mapema mtu mmoja ndani ya bendi anayekuamini.

Sasa turudi kwenye kunyamaza. Muziki wa Cuba unasimama juu ya klave: vijiti viwili vinagonga mara tano, tatu upande mmoja, mbili upande mwingine, kisha vinarudia. Wimbo ukishafika katikati, waitikiaji wanashika mstari mmoja na mwimbaji anapewa nafasi ndogo kati ya kiitikio na kiitikio, atunge maneno papo hapo. Celia alikuwa fundi wa nafasi hiyo. Anaingia, anasema lake, anatoka kabla waitikiaji hawajarudi, halafu tarumbeta zinapata hewa. Sauti yake ilikuwa nzito na pana, angeweza kuifunika bendi nzima, lakini aliwaachia wenzake nafasi zao. Huo ndio uhodari ninaouheshimu kuliko yale magauni na mawigi ya kumeremeta.

Septemba 1974 alikwenda Kinshasa na Fania All Stars, kundi la salsa la New York, katika tamasha lililoandaliwa sambamba na pambano la ngumi la Muhammad Ali na George Foreman. Aliimba Quimbara, wimbo aliourekodi mwaka huo huo na mwanamuziki mwenzake, Johnny Pacheco. Kiitikio chake ni milio inayofanana na ngoma kuliko maneno, kwa hiyo umati haukuhitaji mkalimani. Tena Kongo ilikuwa imezisikia santuri za Cuba tangu miaka ya 1930, na rumba ya Kongo ikatoka humo, kisha ikaja mpaka kwenye dansi letu. Ukimsikiliza Celia, unasikiliza ukoo wa kazi yako.

Anzeni na Quimbara. Piga makofi ya klave tangu mwanzo hadi mwisho bila kuimba. Mkono ukipotea Celia anapoingia, rudi mwanzo. Ukiweza kufika mwisho, ongeza kiitikio kwa sauti ndogo, makofi yakiendelea. Mimi ilinichukua takriban mwezi, kila jioni kabla ya mazoezi, na siku nilipomaliza mpiga tumba alinigeukia stejini kwa mara ya kwanza.